Mrejesho: Njia ya mahali katika somo la Bayolojia
Niliomba ushauri kuhusu binti yangu wa kidato cha tatu, aliyekuwa akichanganya hatua za mzunguko wa damu, nami nikashauriwa tujaribu njia ya mahali, yaani kuweka kila hatua katika kituo cha barabara anayoifahamu. Nashukuru.

Tulichagua barabara ya hapa Mombasa, kutoka Mapembe (yale matao ya pembe za ndovu) hadi Ngome ya Yesu: kwenye Mapembe akaweka vena kava (mshipa unaorudisha damu moyoni), mbele kidogo atiria na ventrikali (chumba cha juu na cha chini cha moyo) za kulia, makutano ya Digo Road yakawa mapafu, Treasury Square ikawa upande wa kushoto wa moyo, na ngomeni ikakaa aota (mshipa mkuu unaotoa damu moyoni). Sasa anautaja mfuatano wote bila kusita, hata akianzia mwisho.

Hata hivyo, njia hii hushika mpangilio tu. Kwa nini ukuta wa ventrikali ya kushoto, inayosukuma damu mwili mzima, ni mnene kuliko wa kulia, ilibidi aelezwe kwa mchoro. Kilichomfaa zaidi, kwa maoni yangu, ni kurudia kwa vipindi vinavyozidi kurefuka, na mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alikwisha kuonyesha mwaka 1885 kwamba marudio yaliyotawanywa hushinda ya mkupuo. Katika Hisabati sijaona faida ya vituo, kwa hiyo huko anaendelea kufanya mazoezi ya kawaida.