Nani afunge chaneli: mtumaji au mpokeaji?

Wadau, kwa sisi tunaoandika programu kwa lugha ya Go kuna hoja isiyoisha kuhusu chaneli, yaani njia ambayo sehemu moja ya programu huitumia kupelekea nyingine ujumbe: mpokeaji akishapata anachotaka, kwa nini asiifunge chaneli mwenyewe? Wanaoitetea wanasema yeye ndiye anayejua kazi imetosha lini. Mimi napinga, tena kwa nguvu.

Kufunga chaneli ni tamko la mtumaji kwamba hana kingine cha kuleta. Ndiyo maana vilivyobaki kwenye bafa (foleni ya ndani ya chaneli) huendelea kupokelewa hata baada ya kufunga. Mpokeaji akifunga, mtumaji hana habari. Atatuma, na hapo hapo inatokea paniki inayoweza kuangusha programu nzima. Kuuliza kwanza kama chaneli bado iko wazi hakusaidii, kwa sababu baada ya jibu na kabla ya kutuma, gorutini nyingine (kazi inayoendeshwa sambamba ndani ya programu) inaweza kuwahi kuifunga.

Kinachoniudhi zaidi ni wanaoifunika paniki hiyo kwa recover, amri ya kuizuia isiangushe programu, na kusonga mbele. Jamani, ujumbe umepotea! Na kutuma huku mwingine anafunga bila mpangilio ni kosa ambalo kigunduzi cha migongano cha Go chenyewe (zana inayonasa sehemu za programu zinazogusa kitu kimoja bila mpangilio) hulilalamikia.

Mpokeaji anayetaka kuacha apewe njia yake: chaneli ya pili ya kuashiria "simameni", au context, zana ya Go ya kupitisha ishara ya kusitisha kazi, iliyoingia kwenye maktaba ya kawaida tangu Go 1.7, mwaka 2016. Watumaji wakiwa wengi, WaitGroup (kihesabu cha kazi ambazo hazijaisha) iwasubiri wote wamalize, kisha gorutini moja ifunge, mara moja tu. Na kama hakuna anayesubiri kuambiwa mwisho umefika, si lazima kufunga. Chaneli isiyotumiwa na yeyote husafishwa kwenye kumbukumbu hata ikiwa wazi.

Upande wa pili wana hoja moja nzito: Rust, lugha nyingine ya programu. Kule mpokeaji akiondoka, mtumaji hapati paniki. Anarudishiwa kosa, na ujumbe wake ndani yake. Ni mpango mzuri. Lakini kompaila ya Rust (kinachogeuza msimbo kuwa programu) humwonya anayelipuuza kosa hilo, ya Go hukaa kimya. Kwa hiyo anayetaka Go nayo irudishe kosa badala ya paniki anijibu hili: msimbo ukilipuuza, nani atajua kwamba ujumbe haukufika?