Nyota ya bendera ya Ghana inakaa wapi hasa, na ile yenye nyeupe ni ipi?

FundiMajengo (Moshi)
Wakuu, kuna oda ya bendera ya Ghana, sm 90 kwa 60, ya shule moja hapa Moshi kwa ajili ya Siku ya Afrika, Mei 25. Mistari haina shida, shida ni nyota. Bikari ikisimama katikati kabisa ya kitambaa, ncha ya juu inaingia kwenye nyekundu na zile za chini hazifiki kwenye kijani. Halafu kuna picha ya zamani ina nyeupe katikati badala ya njano. Ifuatwe ipi?

Mama_Mapindo (Arusha)
Fundi, bikari yako haina kosa. Nyota ya ncha tano ni ndefu zaidi juu ya kitovu chake kuliko chini, kwa hiyo kitovu kishushe sm 1.1 kutoka katikati ya bendera. Mstari wa dhahabu una sm 20 na nyota inaujaza wote: ncha ya juu iguse nyekundu, mbili za chini ziguse kijani.

Chora duara, kutoka kitovu hadi ukingo sm 11.1. Anzia juu, tia alama kila baada ya sm 13 kwa rula. Ya tano ikirudi ulipoanzia, umepatia. Unga ncha kwa kuruka moja moja, kila mstari utatoka kama sm 21.

Ila usishone nyota kabla ya kuunga mistari, mshono utameza ncha! Dhahabu ikate upana sm 23. Nyekundu na kijani 23.5 kila kimoja (1.5 ya mshono, 2 ya pindo). Urefu wote 94.5, maana upande unaopepea unataka pindo la kukunja mara mbili na mishono mitatu. Upepo huanza kuchana huko. Piga pasi, mishono ilalie upande wa nyekundu na kijani, la sivyo ncha zitavimba. Kisha weka kipande cheusi cha sm 25 kwa 25, pita zigizaga ya kubana kufuata nyota, punguza cheusi kilichozidi mbele, na nyuma kata njano iliyo ndani ya nyota. Itaonekana pande zote mbili. Ukibandika nyota mbili bendera inakuwa nzito, haipepei.

Mwl_Kibo
Shona ya dhahabu. Ndiyo aliyoibuni Theodosia Okoh, mwalimu na msanii, ikapandishwa uhuru ulipopatikana Machi 6, 1957. Nyekundu ni damu ya waliopigania uhuru, dhahabu ni madini, kijani ni misitu, nyota nyeusi ni uhuru wa Mwafrika.

Hiyo nyeupe ni ya kweli pia, lakini ya 1964 hadi 1966 tu. Serikali ya Nkrumah iliiweka ifanane na rangi za chama chake cha CPP. Alipopinduliwa Februari 1966, dhahabu ikarudi mwezi uleule. Na OAU (Umoja wa Nchi Huru za Afrika) ilipoundwa Addis Ababa Mei 25, 1963, tukio linalokumbukwa Siku ya Afrika, bendera ya Ghana ilikuwa ya dhahabu, kwa hiyo kwa sherehe hiyo nyeupe haina nafasi kabisa. Ukikuta yenye nyota mbili au tatu, hiyo ni ya muungano wa Ghana na Guinea, kisha Mali ilipoingia.

FundiMajengo (Moshi)
Nimewaelewa. Nyekundu niliyonayo inachuja, je?

Mama_Mapindo (Arusha)
Loweka kipande kidogo kwenye maji ya moto, kikamulie kwenye kitambaa cheupe. Kikiacha doa, tafuta nyekundu nyingine. Nyekundu iko juu, mvua ikinyesha rangi yote inashukia dhahabu.