Digrii ya jioni au Huria? Nafanya kazi Kariakoo naishi Gongo la Mboto

BintiLeja

Habari zenu wakuu, wakubwa shikamooni. Naomba mawazo yenu maana hili jambo nimezunguka nalo tangu mwaka jana na dirisha la maombi la TCU (tume ya vyuo vikuu) likifunguliwa safari hii sitaki linipite tena. Nina miaka 29, nina diploma ya uhasibu GPA 3.4, nafanya kazi duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, mahesabu yote pale ni mimi, risiti za mashine ya EFD mimi, ritani za kodi za TRA mimi, mishahara mimi. Naingia saa 2 asubuhi natoka saa 11 jioni, Jumamosi nusu siku. Nyumbani Gongo la Mboto, nina mtoto wa miaka 4 anashinda na mama yangu.

Nataka digrii ya biashara ila kazi siachi, hiyo ndo italipa ada na ndo inalisha nyumba. Nimebaki na njia tatu, jioni Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), jioni chuo cha mjini kama CBE au IFM, au Chuo Kikuu Huria unakosoma mwenyewe kwa mbali. Halafu kozi yenyewe, niendelee na uhasibu au nichukue usimamizi wa biashara nipanuke? Kuna mtu kaniambia digrii ya Huria waajiri wanaikunjia uso, tangu siku hiyo sina amani. Mliosoma huku mko kazini naombeni ukweli.

Mkongwe_wa_Vitabu

Marahaba mdogo wangu. La Huria litoe kichwani kabisa. Kile chuo kimeanzishwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992, kinasimamiwa na TCU ileile inayosimamia Mlimani, na mimi nimekaa kwenye meza za usaili miaka mingi, tunachouliza ni unaweza kufunga hesabu za mwezi au huwezi. GPA yako imevuka 3.0 inayotakiwa kwa watu wa diploma, kaangalie na cheti chako cha kidato cha nne uwe na zile pasi nne, halafu kwenye kitabu cha mwongozo cha TCU usome sifa za kozi yenyewe maana nyingine zinaongeza masharti yao.

Kwenye kozi mimi sina mguu huku na mguu kule, chukua uhasibu. Sio kwamba usimamizi wa biashara ni mbaya, ila wewe tayari unashika leja kila siku, nusu ya darasa utakuwa umeshaifanya kwa mikono yako kabla lekchara hajaingia, na kwa mtu aliye kazini hiyo ni akiba kubwa sana ya muda. Pia mbele yako kuna CPA, cheti cha mhasibu wa kitaalamu, mitihani yake ya NBAA (bodi ya wahasibu) inafanyika Mei na Novemba, ukiwa na digrii ya uhasibu njia yako inakuwa fupi. Usimamizi utausoma hata ukiwa na miaka 40, wakati huo umeshapata watu wa kuwasimamia.

MamaNasri

Dada pole na majukumu. Mimi nimemaliza jioni, chuo cha mjini, nikiwa na watoto wawili na kazi ya ofisini, kwaiyo nitakwambia yale ambayo kwenye tangazo la chuo hayapo.

Kitu kilichonitesa sio masomo, ni saa kumi na moja jioni. Hiyo saa ndo bosi anakumbuka kila kitu. Mteja ndo anakuja na malipo, mzigo ndo unashuka. Wewe begi liko begani, daftari liko ndani, mguu mmoja uko nje ya mlango, unaitwa "njoo mara moja" na hiyo mara moja ni dakika arobaini. Ukifika darasani testi imeshaanza, unaandika huku jasho linadondokea karatasi. Na wewe ni mbaya zaidi kwa sababu una tarehe za TRA, tarehe 7 kodi za mishahara, tarehe 20 VAT (kodi ya ongezeko la thamani), na nakuapia testi zitapangwa humohumo. Mimi testi yangu ya pili ya takwimu ilikuwa tarehe 20, nikaikosa, nikaenda na sapu (mtihani wa marudio), nikalipia somo moja mara mbili kwa sababu ya ritani ambayo ningeweza kuipeleka tarehe 17. Baada ya hapo kila mwezi nilikuwa nafunga VAT mapema hata kama kuna ankara ya mtu bado inasubiriwa, naifukuzia mimi mwenyewe kwa simu.

Lingine, mwajiri wangu wa wakati huo aliniruhusu kwa mdomo, "nenda tu mama hamna shida", akabadilishwa meneja, mpya akasema hajui habari hizo. Ruhusa iwe kwenye karatasi. Kisheria una siku 28 za likizo kwa mwaka, kaeni mkubaliane zikatwe mara mbili ziangukie wiki za mitihani. Hutaenda kijijini miaka hiyo, mimi mama yangu alilalamika mpaka akazoea.

Ila jioni ina raha yake jamani, mnakuwa watu wazima watupu, mmoja wa benki, mmoja wa bandarini, mmoja ana duka lake, mnagawana madesa (noti za masomo) kwenye WhatsApp saa 5 usiku, na wale watu mpaka leo ndo wananipigia kuna kazi mahali.

Mtoto_wa_Rangi3

Mimi Huria, nimemaliza nikiwa naishi Mbagala. Dada Leja naomba nikupe hesabu maana we ni mtu wa hesabu. Digrii ya miaka mitatu kwa TCU ni krediti 360, na krediti moja ni saa 10 za kusoma, iwe darasani, asaimenti au msuli wa peke yako. Hiyo ni saa 3,600. Ukizitandaza miaka minne ni saa 900 kwa mwaka, yani kama saa 17 kila wiki bila kuacha wiki hata moja. Ukizitandaza miaka sita zinashuka kama saa 11 na nusu. Hakuna chuo kinachofuta hizo saa, wanachotofautiana ni nani anakushikia saa, ratiba yao au wewe mwenyewe.

Huria unajishikia mwenyewe. Mimi nilikuwa naamka saa 10 usiku, nasoma mpaka saa 11 na nusu, natoka. Mwaka wa kwanza nilifanya hivyo wiki mbili nikaacha miezi mitatu, hakuna aliyenipigia simu kuniuliza uko wapi. Tulianza watu watano tunaofahamiana, tumemaliza wawili, na wale watatu wana akili kuliko mimi. Ukijijua hujisukumi bila mtu, jioni ni bora hata kwa hiyo foleni.

Sista_Tabata

Mie naongeza moja tu, kozi ihakikishwe kwa jina lake, sio jina la chuo peke yake. Mdogo wangu alilipa semista nzima mahali, majengo mazuri na tangazo zuri, kuja kuangalia kozi aliyoingia haikuwa na ithibati mwaka huo. Hela haikurudi. Kontrol namba ya kulipia ada usiiombe kabla hujaiona kozi kwenye orodha ya TCU.

BintiLeja

Asanteni sana sana, nimesoma yote mara mbili, mama Nasri ile ya tarehe 20 imenigusa kifuani kabisa.

Nimefanya jambo moja wiki hii, nimejaribu safari kama vile tayari nasoma. Jumanne nimetoka dukani saa 11 na dakika 10, nimepanda Mwendokasi mpaka Ubungo na bajaji mpaka Mlimani, nimefika saa 12 na robo nimesimama njia nzima, nikakaa mpaka saa 2 na nusu, kurudi ni Ubungo, Tazara, Gongo la Mboto, nimeingia ndani saa 4 na dakika 20 mtoto kalala na viatu ananisubiri. Alhamisi nimetembea kwa miguu kutoka dukani nikakatisha Mnazi Mmoja mpaka CBE pale Bibi Titi, dakika 18, bado kuna mwanga. Nyumbani nimefika saa 3 na dakika 40.

Kwaiyo Mlimani nimeitoa. Huria nimeifikiria kweli kaka wa Rangi3, ila najijua, mimi bila mtu wa kuniuliza uko wapi ntalala. Nabaki na jioni ya mjini, uhasibu, kozi nitaiangalia kwanza kwenye orodha kama alivyosema sista wa Tabata. Jumatatu naenda kuomba ratiba ya muhula uliopita nione siku za testi zilivyokaa na tarehe za ritani. Barua ya bosi nimeshaiandika, nimeomba kutoka saa 11 kamili siku nne kwa wiki na likizo mara mbili, nampa kesho asubuhi kabla duka halijajaa. Mniombee.