Naomba ushauri: Impreza STI ya zamani au WRX S4?

Wakuu, habari zenu. Niko Njiro, Arusha. Natafuta Subaru moja ya kukaa nayo miaka mingi, nimekwama kati ya mbili.

Ya kwanza ni Impreza WRX STI ya 1999, bodi ya GC8, ipo Moshi na ina namba za hapa tayari. Injini ni EJ20 ya turbo, gia tano za manyuo. Mwenyewe aliniachia niipandishe kutoka Himo hadi Marangu. Jamani! Kila kokoto unaisikia mikononi, turbo inachelewa kidogo halafu inakubana kitini. Ni ngumu kwenye matuta na ina kelele, lakini dereva ni wewe kweli.

Ya pili ni WRX S4 ya 2015, ya kuagiza Japani. Injini ni FA20 ya turbo, farasi 300 dhidi ya 280 za mkongwe, ila ina kilo zaidi ya 1,500 na haina manyuo, ni CVT tu (gia otomatiki zisizo na hatua). Imetulia, ina kamera za EyeSight zinazomsaidia dereva kuangalia mbele, familia itaifurahia. Ushuru wa uchakavu, yaani wa gari lenye umri mkubwa, nao unanisubiri.

Moyo uko kwa GC8. Hofu yangu ni injini: STI hizo zilitengenezwa kwa petroli ya oktani 100 (kiwango cha juu kuliko ya vituo vyetu), na EJ20 iliyochoka huanza kugonga beringi. Nipime nini kabla sijalipa? Kupima kompresheni (mgandamizo ndani ya silinda) kunatosha, au nifungue sampo (bakuli la oili chini ya injini) kabisa?

Na kama kuna fundi Arusha au Moshi anayeimudu CVT ya Subaru, naomba mnielekeze.