Stoo imejaa vifaa vibovu na dawa zilizoisha muda, naanzia wapi?

Mfawidhi Mgeni

Habari za jioni wakuu. Nimehamishiwa kituo cha afya kimoja cha serikali huku Tanzania, kanda ya kati, kama mganga mfawidhi, yaani msimamizi wa kituo. Kwenye makabidhiano nikapewa na ufunguo wa stoo ya nyuma, ambayo inaonekana kila anayehama anamwachia anayekuja.

Ndani kuna vitanda vya wodi vilivyokatika miguu, otoklevu mbili (za kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke), mashine za saksheni za kunyonya majimaji, konsentreta za msaada (zinazochuja oksijeni kutoka hewani), jokofu la chanjo la mafuta ya taa, na eksirei ya zamani ambayo hakuna mtumishi aliyewahi kuiona ikifanya kazi. Upande wa pili ni maboksi ya dawa: dripu, amoksilini, ampuli za kila aina, vipimo vya haraka vya malaria, vitendanishi (kemikali za kupimia) vya maabara vilivyovuja mpaka lebo zimefutika. Kuna hata klorokwini, na hiyo nchi iliacha kuitumia kutibu malaria mwaka 2001! Juu ya kabati kuna thamomita na mashine za presha za zebaki, moja kioo kimepasuka.

Nakihitaji hicho chumba, maabara yetu imebanana. Mnunuzi wa vyuma chakavu amekuja, anataka abebe vyote kwa mpigo na dawa anasema atanitupia bure. Mtumishi mmoja naye ananishauri tuchimbe shimo, tuchome usiku, yaishe. Na wakaguzi nasikia wako njiani. Wenye uzoefu naombeni mwongozo.

Mzee wa Leja

Kijana, usichome hata kidonge kimoja. Dawa ipo kwenye leja, imepokelewa kwa saini ya mtu. Ukiichoma bila hati, mkaguzi akija anakuta imeingia na haijatoka. Kwake haikuungua, imeibwa. Na wewe ndiye mfawidhi.

Dawa zina njia yake. Tengeneza orodha: jina, nguvu, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, idadi, thamani, na sababu ya kuitoa. Peleka kwa mfamasia wa wilaya, ipite kwa Mganga Mkuu wa Wilaya, iombewe kibali TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Tanzania. Mkaguzi wao anahakiki, anasimamia uteketezaji, mnapewa cheti. Cheti hicho ndicho kinachozitoa kwenye leja. Wakati unasubiri, ziweke mbali na dawa nzima, ziandikwe kwa maandishi makubwa kwamba hazitumiki.

Ukikuta pethidini, mofini au diazepamu, ambazo ni dawa zinazodhibitiwa kwa ukali, fungia kwenye kabati lake na orodha yake peke yake. Hizo usimkabidhi mtu ufunguo.

Vifaa ni njia nyingine kabisa, usivichanganye kwenye barua moja, utachelewesha vyote. Mali ya halmashauri haiuzwi na mfawidhi. Ina namba, ipo kwenye daftari la mali, na mpaka ikaguliwe, ikubaliwe kufutwa, halafu Mkurugenzi aamue mnada au vinginevyo, haitoki getini. Huyo mnunuzi mwambie asubiri tangazo la mnada kama wananchi wengine.

Bint Karakana

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Kabla hujaita kitu kibovu, muite fundi wa mkoa au wa karakana ya kanda aje avipime, kwa sababu bila ripoti ya fundi hata hao wa kufuta mali hawana cha kusimamia. Nimeshaona otoklevu imelala stoo miaka kwa ajili ya mpira wa mlango tu.

Konsentreta za msaada angalia kibati cha nyuma. Zile za kutoka Marekani nyingi zimeandikwa volti 110 hadi 120, umeme wetu ni 230. Mtu alichomeka, ikaungua fyuzi au bodi, ikatupwa stoo. Nyingine ni nzima kabisa, hazikupata transfoma.

Eksirei isikutishe sana na wala usiidharau. Mashine ya eksirei haina madini ya mionzi ndani, ikichomolewa umeme haitoi kitu. Lakini tyubu yake imekaa kwenye mafuta, na mafuta ya mashine za zamani yanaweza kuwa na PCB, ambayo ni sumu. Kuna madini ya risasi pia kwenye kasha. Na mashine zinazotoa mionzi ziko chini ya Tume ya Nguvu za Atomu, TAEC. Waandikieni kabla haijaguswa, waseme itolewe vipi.

Spana Mkononi

Dada Bint, hapo kwenye kufuta tusikimbilie. Mashine ya saksheni iliyokufa ina mota, mita na magurudumu. Ukishaifuta ikaenda mnadani, kesho unaomba spea hiyohiyo unaambiwa bajeti hakuna. Mimi ningeacha zote.

Bint Karakana

Hivyo ndivyo stoo yake ilivyojaa, kaka. Kila fundi aliacha za spea, hakuna aliyerudi kuzichukua. Spea ichomolewe leo, ifutwe vumbi, iandikwe imetoka mashine gani, ikae kabati la karakana. Gofu lililobaki lifutwe.

Mtu wa Mionzi

Nakazia kwa huyo wa vyuma chakavu. Mwaka 1987 mji wa Goiânia, Brazili, kliniki moja ilihama ikaacha mashine ya tiba ya saratani kwenye jengo tupu. Vijana wawili wakaibeba sehemu yake kwa toroli, wakaiuza kwa mnunuzi wa chuma. Ndani kulikuwa na unga wa sizi-137 (cesium, madini ya mionzi) unaong'aa buluu gizani, watu wakagawiana kama pambo, kuna waliojipaka mwilini. Walikufa 4, waliokutwa na uchafuzi ni 249, na waliopimwa walizidi 112,000. Yako ni eksirei, sio mashine ya namna hiyo, sawa. Lakini mnunuzi wa chuma hajui tofauti, na fundi wake ataipasua kwa nyundo.

Nesi wa Zamu

Mimi nahofia hiyo presha iliyopasuka kuliko vyote. Mashine moja ina zebaki karibu gramu 100 na inatoa mvuke hata bila joto. Fungua madirisha, usifagie kwa ufagio, ufagio unaitawanya. Vaa glovu, sukuma matone kwa vipande viwili vya karatasi ngumu, yavute kwa bomba lisilo na sindano, weka kwenye chupa ya plastiki yenye maji kidogo, funga, andika lebo. Na tafadhali isiende kwenye kichomea taka, moto unaigeuza mvuke wote mnaivuta.

Na msitumbukize dawa kwenye shimo la kondo, lile la kutupia kondo la nyuma la wazazi. Nimeona vituo vinafanya hivyo.

Mfawidhi Mgeni

Mzee wa Leja shikamoo, na asanteni wote. Zebaki tumeikusanya. Mnunuzi nimemrudisha, kanuna. Swali: kichomea taka chetu ni kile cha matofali. TMDA wakikubali, dawa zote zinaingia humo?

Mfamasia Mkimya

Hapana. Mwongozo wa WHO, Shirika la Afya Duniani, unataka dawa ziungue kwenye tanuri la chemba mbili lenye joto la angalau nyuzi 850. Tanuri la matofali halifiki. Ampuli zilizofungwa zinalipuka, makopo ya kupulizia vilevile.

Kiasi kidogo cha vidonge huwa kinazikwa ndani ya saruji: pipa la chuma linajazwa dawa robo tatu, zikiwa na pakiti zake za ndani lakini bila maboksi, kisha unamwagia mchanganyiko wa saruji, chokaa na maji kwa uwiano wa 15:15:5 kwa uzito, linafungwa na kuzikwa dampo linalosimamiwa. Dripu za chumvi na sukari maji yake yanaweza kumwagwa, ila antibayotiki usimwage kwenye mfereji hata kidogo. Mzigo ukiwa mkubwa, halmashauri kadhaa huungana kutafuta mwenye kibali cha taka hatarishi na tanuri la uhakika, gharama inagawanywa. Maboksi yachanwe yote, yakitupwa mazima utayakuta sokoni yana dawa nyingine ndani.

Msa Pwani

Salamu kutoka Mombasa. Huku kwetu ni hivyohivyo, sheria ya Kenya ya ununuzi na uondoaji mali ya umma ya mwaka 2015 inalazimisha kila taasisi ya umma iwe na kamati ya kuondoa mali, na dawa zinasimamiwa na Pharmacy and Poisons Board, bodi ya dawa ya Kenya. Shida yetu ni kamati kukutana. Wako wakikubali tarehe, andika barua siku hiyohiyo.

Mfawidhi Mgeni

Mfamasia wa wilaya ameomba orodha kwenye Excel kabla ya Ijumaa. Vitendanishi vilivyofutika lebo naandikaje?

Mzee wa Leja

Marahaba. Andika "lebo haisomeki", ujazo wa chupa, rangi ya kilichomo, na piga picha kila chupa. Usifungue kunusa. Mtu wa maabara awepo unapoandika, na yeye asaini.