Naomba ushauri: picha za namna gani zitamwelewesha mtengeneza programu sheria za bao?

Mwanakete wa Wete:
Assalaam alaykum, waungwana. Kwa miezi kadhaa sasa ninashirikiana na kijana mmoja aliyeko Dar es Salaam kutengeneza mchezo wa simu wa bao la Kiswahili, mimi nikiwa mbunifu na yeye akiandika programu. Kwa kuwa yeye hakukulia barazani, nilimwandikia maelezo ya kurasa 11, nikaambatanisha picha ya bao langu la mvule, niliyoichora kwa rangi pamoja na nakshi zake zote za pembeni. Ubao umetoka mzuri kupita nilivyotarajia, safu 4 za mashimo 8, lakini mchezo wenyewe si bao.

Nitoe mfano mmoja. Niliandika kwamba mchezaji akila, yaani akichukua kete za mpinzani, kwenye kimbi (mojawapo ya mashimo mawili ya mwisho wa safu ya mbele), kete alizokula huanza kusambazwa kutoka kichwa cha upande huo huo, yaani shimo la mwisho kabisa la safu hiyo. Nilipoujaribu mchezo, nilikula kete 4 nikiwa shimo la pili kutoka kushoto, na badala ya kuanzia kichwani zikaanza kudondoka shimo la tatu na kwenda mbele. Nilipomuuliza, alinijibu kwa adabu kwamba alikitafuta hicho "kichwa" katika picha yangu, hakukiona, akakisia. Picha ile ilinichukua siku 2 kuichora. Sasa nichore nini?

Bi Mchoraji, Mbweni:
Wa alaykum salaam, kaka Mwanakete. Picha yako inaonyesha bao linafanana vipi, ilhali mwenzio anataka kujua kete inakwenda wapi. Weka rangi kando, uchukue daftari la hesabu la skuli, lile la miraba, na uchore bao kwa miraba 8 kwa 4. Usichore kete, andika idadi yake ndani ya kila mraba. Kisha mchezo mmoja uuchore mara tatu: kabla ya kula, kete zikiwa njiani, na baada ya kutulia. Katika ule mfano wako, picha ya kati iwe na mishale minne yenye nambari, wa kwanza ukiangukia kichwa cha kushoto, wa pili kimbi, halafu shimo la tatu na la nne, na kama hilo la nne lilikuwa tupu, andika pembeni kwamba kete imelala na zamu imekwisha. Majina ya kichwa, kimbi na nyumba, lile shimo la mraba, yawe kwenye picha moja ya mwanzo, naye ataibandika ukutani.

Usione haya kwa sababu mchoro ni wa penseli. Hatua za Super Mario Bros., mchezo uliotoka mwaka 1985, wabunifu wake kule Nintendo walizichora kwa mkono kwenye karatasi za miraba kabla ya kuwakabidhi waandika programu. Tena mchoro ukishapendeza sana, hata wewe mwenyewe unaona uchungu kuufuta, na ubunifu wa mchezo ni kufuta kila siku.

Fundi wa Chake:
Ninakubaliana na Bi Mchoraji, ila naomba niongeze jambo kwa upande wetu sisi tunaopokea hizo picha. Picha huonyesha tukio moja tu, nasi tunatafuta sheria inayotawala matukio yote. Ukinichorea kimbi cha kushoto peke yake, sitajua la kufanya mchezaji anapokula shimo la nne, ambapo katika namua, yaani kipindi cha kuingiza kete ubaoni, kwa mlo wa kwanza huchagua kichwa cha kuanzia, lakini akiwa katikati ya mzunguko hulazimika kuendelea na uelekeo aliokuwa nao. Hizo ni picha nyingine mbili, na ninahisi hata kurasa zako 11 hazikuligusa hilo. Chini ya kila picha iwepo sentensi moja ya sheria, na kila picha iwe na nambari, ili kwenye simu mseme "picha ya 7" badala ya "ile yenye mishale".

Jambo la pili ni kutenganisha kilichoamuliwa na kilichotokea tu. Mteja mmoja aliwahi kunichorea kitufe kwa kalamu nyekundu kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo mfukoni; nikakifanya chekundu, tukabishana wiki nzima. Na mwendo usioruhusiwa uonyeshe kwa mstari wa vipande vipande, kwa kuwa wapo watu wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Mzee wa Jaws Corner:
Mimi programu siijui, bao ninalijua. Kabla hujaituma picha yoyote, hesabu kete zote, pamoja na zile za namua ambazo bado hazijaingia ubaoni. Zisipofika 64, umeshamdanganya kijana wa watu.

Mwanakete wa Wete:
Shukrani nyingi. Jana usiku nilichora picha 9 kwa penseli, nikazihesabu kama alivyoagiza Mzee. Picha ya 2 ilinipa 63, nikairudia mara tatu nikidhani macho yamechoka, hadi nilipotambua kwamba nilikuwa nimeusimamisha mchezo baada ya kudondosha kete tatu, na ile ya nne ilikuwa bado mkononi mwa mchezaji. Ikabidi nichore mkono. Asubuhi kijana alinipigia simu, na hakuuliza tena kichwa kiko wapi. Aliuliza kama mpinzani aruhusiwe kuona kwenye skrini idadi ya kete zilizomo mkononi, au zifumbwe kama ilivyo barazani. Sikuwa na jibu. Mzee, wewe unasemaje?