Wimbo wa Mama wa Mkesha

Shangazi: Jamani, kwaya yetu Krismasi hii inaimba ule wimbo wa wifi yangu, I Wonder as I Wander. Jana mazoezini ubeti wa kwanza tu ulinishinda, koo likaziba.

Kaka Mkubwa: Shikamoo Shangazi. Ule wa kuzima taa! Kinanda kimya, Mama mbele peke yake.

Shangazi: Marahaba mwanangu. Ndio huo.

Dada: Nota kaziandika kwa penseli nyuma ya bahasha. Mkono unatetemeka, bahasha inachakarisha kwenye maiki, kanisa zima linasikia 😂

Mjomba: Na mwalimu wa kwaya alitaka autie ngoma. Dada yangu akamwambia, "Basi uimbe wewe na ngoma yako."

Kitinda Mimba: Si ni wimbo wa mapokeo tu, hauna mtunzi?

Kaka Mkubwa: Wengi wanadhani hivyo, hata Benjamin Britten, mtunzi wa muziki Mwingereza, aliupangia muziki akidhani ni wa mapokeo. Mwaka 1933 John Jacob Niles, mkusanyaji wa nyimbo za milima ya Appalachia kule Marekani, alimsikia binti akiimba kwenye mkutano wa wahubiri mjini Murphy, North Carolina. Anaitwa Annie Morgan. Niles mwenyewe anasimulia kwamba alimpa senti 25 arudie, akampa tena, na tena. Akaondoka na mistari mitatu na kipande cha sauti. Kilichobaki akatunga yeye.

Dada: Kwa hiyo binti kaambulia senti, mwenzake kachukua jina. Haya.

Kaka Mkubwa: Bila Niles ungeusikia wapi?

Dada: Sijakataa. Ila kwenye ratiba ya ibada waandikwe wote wawili.

Shangazi: Hilo nitamwambia katibu. Mama yenu alikuwa anasema nyimbo nyingine za Krismasi zinashangilia, huu unauliza: Mwokozi aje afe kwa ajili ya wanyonge kama sisi, kwa nini? Ndiyo maana hakutaka makofi.

Kitinda Mimba: Soli anaimba nani?

Shangazi: Binti yako, kama utamruhusu.

Kitinda Mimba: 🙈 Ruhusa anayo. Aanze sauti gani?

Shangazi: Ya chini. Ule wimbo unapanda mapema, ukianzia juu huna pa kwenda.

Kitinda Mimba: Mjomba, ile kanda ya Mama bado unayo? Nimsikilizishe.

Mjomba: Ninayo, nilishaihamishia kwenye simu. Ila ubeti wa pili wote kuna mtoto analia.

Kitinda Mimba: Mtoto wa nani huyo?

Mjomba: Wewe.